Mama Msomaji wa Kibomet

Kule Kibomet hukumwulizia Wangui kwa jina lake. Ulimwulizia Mama Msomaji, na hata mtoto aliyetumwa chumvi angekuelekeza mpaka langoni kwake. Jina hilo alilipata Jumapili moja mzee wa kanisa alipougua macho, Wangui akaombwa asimame asome Zaburi badala yake. Alifungua Biblia, akainamisha kichwa, akasoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kina mama wakatikisa vichwa kwa utamu. Hakuna aliyegundua kwamba ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa wa Mambo ya Nyakati.

Wangui hakujua kusoma. Hata a hakuijua. Mwaka ambao angeingia shule, baba yake alihamisha jamaa nzima kutoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, na mtu wa kuchunga mbuzi akahitajika. Mbuzi hao ndio waliokula masomo yake. Zaburi alizipata baadaye, alipoolewa, kwa mama mkwe aliyezoea kusoma kwa sauti asubuhi huku Wangui akikama. Moja baada ya nyingine akazitia kichwani kama mahindi yanavyotiwa gunia, mpaka gunia likajaa.

Hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini uongo wa namna hiyo huja kama mgeni wa chai. Unamkaribisha akae kidogo tu, na ukitoka jikoni unakuta amevua viatu.

Basi mwezi wa tisa, mwaka wa elfu mbili na mbili, jirani yake Nakhungu alimjia mbio na karatasi mkononi. Nakhungu alikuwa mtu wa Kabuchai, huko Bungoma, aliyehamia Kibomet kufanya vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wekoye, aliyekuwa amekwenda na watu wa barabara kuvunja mawe huko Marich, mbele ya Kapenguria. Dereva wa lori ndiye aliyeshusha barua hiyo.

"Mama Ciru, nisomee," Nakhungu alisema. Wangui aliitwa hivyo kwa ajili ya bintiye mkubwa. "Mikono yangu inatetemeka, hata kuishika siwezi."

Wangui aliikunjua. Aliona mistari ya wino wa buluu imefuatana kama siafu wanaovuka njia. Angeweza kusema ukweli saa hiyo. Lakini palikuwa na kina mama wengine wawili hapo uani wakimenya viazi, na mmoja akasema, "Soma basi, Mama Msomaji, si tusikie na sisi!"

"Ni Wekoye mwenyewe ameandika," akaanza. Baada ya hapo maneno yakaja yenyewe. Siku zote alizoishi baadaye hakuweza kueleza yalitoka wapi, maana yalikuja haraka, kana kwamba mtu anayaweka juu ya ulimi wake moja moja. "Anasema amefika mahali pazuri. Analala salama. Anasema, usilie, mama. Mtaonana."

"Anarara vizuri?"

"Vizuri sana."

Nakhungu akakaa chini kwenye maganda ya viazi, akacheka na kulia pamoja. Wangui alipomrudishia karatasi, alikataa. "Niwekee wewe. Kwangu kunavuja."

Wangui akaiweka ndani ya Biblia, akafunga zipu ya jalada. Tangu siku hiyo alipokwenda kanisani alikwenda nayo. Kila Krismasi Nakhungu alikuja kusomewa tena, na kila Krismasi Wangui aliisoma kwa maneno yale yale, bila kupunguza wala kuongeza, kama Zaburi.

Hakuna barua nyingine iliyokuja. Nakhungu hakujali. Kila siku saa tisa alasiri alitoa kigoda nje, akaweka juu yake sahani ya ugali na sukuma wiki, akaifunika kwa kitambaa, akakielekeza kigoda barabarani. Jioni alikula mwenyewe kile kilichopoa. Wapita njia walizoea. Wangui peke yake ndiye aliyekuwa akizunguka nyuma ya kanisa, lililopakana na ua wa Nakhungu, ili asipite mbele ya sahani hiyo.

*

Mwaka wa elfu mbili na tano kanisa lilitoa chumba chake cha nyuma kwa darasa la ngumbaru. Mwalimu aliyeletwa alikuwa msichana wa Kapsokwony, Linah Chesang, mwembamba, mwenye sauti ndogo na viatu vyenye udongo mwekundu wa mlimani usiotoka hata vikisuguliwa. Darasa lilikuwa Jumatatu hadi Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Wanafunzi walijiandikisha kumi na watatu, wote watu wazima, wengine wajukuu wao walikuwa shule ya kweli ng'ambo ya barabara.

Wangui akaja siku ya kwanza, akaketi fomu ya nyuma kabisa, benchi lile linalogusa ukuta. "Mimi sikuja kusoma," alimwambia mwalimu. "Nimekuja kuwafungulia kwa maombi na kuwatia moyo."

"Karibu, mama," Linah akasema. "Moyo ndio wanakosa."

Muhula wa kwanza ulikwenda kwa tabu. Watu wazima wana aibu kuliko watoto. Ndipo Linah akaitwa semina Bungoma mjini, akarudi na karatasi nne zilizobanwa pini na macho yenye moto mpya.

"Huko tumefundishwa habari ya motisha," akawaambia. "Motisha ni ile kitu inasukuma mtu asome. Iko ya nje, kama zawadi na kiboko. Na iko ya ndani, ile haja yako wewe mwenyewe. Ya nje inaisha haraka. Ya ndani haiishi. Tena wakasema akili ya mtu iko juu ya ngazi. Kwanza ashibe, halafu asiogope, halafu apendwe, halafu aheshimiwe. Huko juu ndiyo kusoma kunaingia."

"Mwalimu," akauliza Hiram, mzee wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza, "hiyo ngazi yenu, hapo chini iko na chai ya maziwa ama ni strungi?"

Wakacheka, lakini kesho yake Linah alileta birika ya uji. Akaleta na makofi ya maua. Mtu akisoma vizuri, wenzake wote walimnyooshea vidole, wakavitikisa kama petali zenye upepo, wakasema, "Maua, maua, pokea!" Naye alitakiwa ayavute kifuani kwa mikono miwili. Hiram, mwenye miaka sitini na tisa, alipopokea maua yake ya kwanza kwa kusoma neno "kuku", alitoka nje akajifanya anapenga kamasi.

Siku moja Linah akawauliza mmoja mmoja, "Wewe unasomea nini? Sitaki jibu la mwalimu. Nataka la kwako."

"Mimi nimechoka kupiga kura kwa picha, na sasa hii ya katiba ni ya matunda," Hiram akasema. "Ati ndizi, ati chungwa. Mimi ni mpigaji kura ama ni mama wa soko?"

"Mimi niliingia choo ya wanaume hapo hospitali," akasema Edah, mama wa kuuza maziwa. "Na kulikuwa na mtu."

"Na yeye alikusomea mlango?"

"Ai! Yeye alinisoma mimi."

Kicheko kilipoisha Linah akatazama fomu ya nyuma. "Na Mama Ciru?"

"Mimi nawatia moyo tu," akajibu Wangui, akashika zipu ya Biblia yake.

Linah akaendelea na somo. Lakini alikuwa ameona jambo. Darasa liliposoma pamoja, sauti ya Mama Ciru ilikuja nyuma ya wengine kidogo, kama mwangwi. Wiki ile akaandika ubaoni sentensi mpya, akamwomba aisome peke yake. Wangui akakohoa. "Leo nimeacha miwani nyumbani, mwalimu."

Wenzake walipotoka, Linah alibaki akifuta ubao polepole. "Mama," akasema bila kugeuka, "wewe huvai miwani."

Wangui akarudishia mlango. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema kwa mdomo wake, "Sijui kusoma, mwanangu. Usiwaambie watu."

Linah hakumwambia mtu. Alianza kumfundisha baada ya darasa, nusu saa kila siku. Na hapo kikaonekana kitu ambacho zile karatasi nne hazikukitaja. Wangui hakukosa siku. Alifika akiwa ameshiba, alipendwa, na hapakuwa na mtu Kibomet aliyeheshimiwa kumpita. Vokali alizishika siku mbili. Lakini herufi zilipoanza kuungana kuwa neno, zilimtoroka. "Ba" aliyoijua Jumatatu, Jumanne aliitazama kama mtu asiyemjua.

"Mama," Linah alimwambia siku moja, "unakuja kama mtu mwenye kiu. Ukifika kisimani, unafunga mdomo. Semina walitufundisha kile kinasukuma mtu asome. Hawakutufundisha kile kinamvuta nyuma. Wewe kuna kitu hutaki kukisoma. Si ndiyo?"

Wangui aliangalia Biblia juu ya mapaja yake. Akaichukua, akaenda zake. Lakini usiku ule hakupata Zaburi hata moja ya kujilaza nayo.

*

Mwezi wa kumi ulipoanza, Nakhungu alikuja akiimba tangu langoni.

"Mama Ciru, furaha! Tumempatia Wekoye bibi."

Wangui alikuwa anapepeta maharagwe. Ungo ukasimama. "Wekoye amekuja?"

"Si anakuja? Ulinisomea mwenyewe, mtaonana. Ni Nanyama, binti ya watu wazuri huko kwetu Kabuchai. Ako na miaka kumi na tisa, na mkono wake kwa jembe ni wa mwanaume. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbiri anaretwa. Atakaa kwa nyumba ya Wekoye huko huko, amngoje hapo."

"Na wazee wamekubali? Bwana arusi hayuko..."

"Walikataa sana! Wakasema, je, kama amekufa? Nikawaambia, afe wapi, na barua iko? Nikawaambia barua imesomwa na mama wa kanisa, mama haongopi." Nakhungu akamshika mkono. "Wakanyamaza wote."

Alipoondoka, Wangui alikaa na ungo mapajani mpaka kuku wakaja wakala maharagwe mbele yake. Alimfikiria msichana huyo ambaye hajawahi kumwona, akiingia nyumba iliyosiribwa upya, akimwekea sahani mtu wa barabarani. Atamwekea mwaka mmoja, miwili, kumi. Na kamba iliyomfunga ilisokotwa kwa ulimi wa Wangui. Labda barua ilisema kweli yu hai. Labda ilisema jambo jingine. Yeye ndiye aliyekuwa na karatasi, na yeye ndiye aliyekuwa kipofu wake. Zilibaki wiki nane.

Jumatatu iliyofuata manyunyu yalianza saa tisa, yale mepesi yasiyopiga kelele juu ya mabati. Linah alikuwa akifundisha ra na la, kwa maana watu wake wengi walitoka makabila yanayozichanganya. Aliandika "Mama analala", akainua kijiti chake cha kuonyeshea. Kabla kijiti hakijagusa ubao, sauti ikatoka nyuma, sauti ya kijana iliyokwaruzwa kidogo, taratibu.

"Mama a-na-la-ra."

Darasa likacheka. "Mzee Hiram, ngoja zamu yako bana!"

"Mimi? Mimi niko hapa mbele na uji mdomoni!"

Linah alikuwa ameshusha kijiti. Alitazama fomu ya nyuma, ambako alikuwapo Wangui peke yake. Wangui hakugeuza kichwa. Sauti ile ilitokea kushoto kwake, karibu kiasi cha mtu kupisha mwenzake. Alipothubutu kutazama, aliona mwisho wa fomu hiyo umelowa, alama ya mtu aliyekaa na nguo zenye maji. Paa halikuvuja hapo. Halikuvuja popote.

Ilirudi kila siku kulipokuwa na manyunyu. Haikusema neno lake lenyewe hata mara moja. Ilisoma tu kile kilichoandikwa, silabi moja mbele ya wengine, kama mtu anayetangulia kwenye njia ya kichaka akikushikia matawi yasikupige usoni. Wangui aliomba. Alikemea kwa jina la Yesu, kwa moyo, midomo imefungwa. Sauti haikuogopa jina hilo, wala haikulipinga. Ilingoja amalize kuomba, ikaendelea na silabi.

Na herufi zikaanza kukaa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ba ikabaki kuwa ba. Kufikia siku ya ile kura ya matunda, mwezi wa kumi na moja, alikuwa anasoma "kisima", "shamba", "amepotea". Linah alifurahi akampigia maua peke yake ndani ya chumba kitupu. Wangui alipoyavuta kifuani, alihisi vidole vingine vikitikisika kushoto kwake, na hewa baridi ikampitia shavuni.

"Siku hizi anakuja," Nakhungu alimwambia wiki hiyo hiyo, akinong'ona kwa furaha. "Saa tisa, kukinyesha kidogo. Anasimama hapo kwa fensi. Chakura hagusi. Namuita, hageuki. Anaangaria tu hiyo dirisha ya darasa renu."

"Dada, una uhakika ni yeye?"

"Mama hasahau mgongo wa mtoto wake, Mama Ciru. Ni mgongo wake. Lakini mbona analowa hivyo na mvua ni kidogo?"

*

Ikafika Alhamisi, tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili. Nakhungu alikuwa ameshakwenda Kabuchai kuandaa nyumba. Darasa lilipokwisha, Wangui hakuinuka. Alifungua zipu ya Biblia, akatoa barua, mikunjo yake imekatika karibu kuachana.

Alimweleza Linah yote. Alieleza habari ya viazi, siafu wa buluu, Krismasi tatu, na msichana wa Jumamosi. Linah alisikiliza mpaka mwisho bila kumlaumu kwa uso.

"Nipe nikusomee, mama. Ni dakika moja."

"Hapana. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Wewe kaa hapo mlangoni tu. Usinisaidie."

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Wangui akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. "Ma-ma ya-ngu Na-khu-ngu. Mi-mi ni Ki-si-a-nga-ni, ra-fi-ki wa We-ko-ye." Akameza mate. Basi haikuandikwa na Wekoye. Akaendelea. "We-ko-ye a-me-ra-ra."

Akasimama. Neno hilo hakulijua. Amerara. Alilijaribu tena, akaligeuza huku na huku, likakataa kuwa neno. Mlangoni Linah alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ndipo ikaja kutoka kushoto kwake, bila haraka, kama mtoto anayemsomea mama yake kazi ya shule. "A-me-ra-ra."

Safari hii Wangui hakuitazama karatasi. Alisikiliza. Akasikia mdomo unaolitamka, mdomo wa Kabuchai, mdomo wa Nakhungu wa kila siku, wenye kusema chakura na dirisha renu. Neno likageuka ndani ya sikio lake kama ufunguo.

Amelala.

Kidole hakikuacha mstari. Homa ilimshika siku tatu, akasoma. Ilikuwa mvua, gari halikupita. Tumemlaza hapa Malich, juu ya barabara, tumeweka mawe. Ni mahali pazuri. Usirie, mama. Mtaonana.

Mahali pazuri. Usilie. Mtaonana. Hata lile la kulala. Yote yalikuwamo. Siku ile ya viazi hakuwa amebuni kitu. Alikuwa amesoma kila neno, isipokuwa maana.

Linah akaja polepole, akamwekea mkono begani.

"Mama," akauliza, "huyo ulikuwa unasoma naye ni nani?"

*

Ijumaa asubuhi Wangui alishuka kwenye gari Chwele, akaingia njia ya miwa ya kwenda Kabuchai kwa miguu. Miwa ilikuwa mirefu pande zote mbili, na ingawa hapakuwa na upepo, upande wa kushoto majani yalifuatana naye hatua kwa hatua yakichezacheza. Hakuogopa tena. "Twende," alisema. "Nimekuja, si unaniona."

Boma lilijaa watu. Nyumba ya Wekoye ilikuwa imesiribwa, bado ina harufu ya udongo mbichi. Nanyama mwenyewe alikuwa ameletwa mapema kusaidia kuchota maji, msichana mrefu, mwenye macho ya chini. Nakhungu alipomwona jirani yake alipiga vigelegele.

"Wazee, ndiye huyu! Mama Msomaji mwenyewe. Amekuja kuwasomea barua!"

"Ndiyo," Wangui akasema. "Nimekuja kuisoma."

Akasimama katikati ya ua. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Ma-ma... ya-ngu... Na-khu-ngu."

Watu wakaangaliana. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

"Wewe ni mgonjwa?" Nakhungu akauliza. "Mbona unasoma kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Kwa sababu leo ndiyo naisoma, dada. Siku zile zote sikuwa nasoma. Sikujua kusoma. Nisamehe, nisikilize mpaka mwisho, halafu unifanye upendavyo."

Akasoma silabi kwa silabi, na aibu yake yote ikiwa nje juani. Alipofika kwenye neno lile alilisoma jinsi lilivyoandikwa, na hakuna mtu wa boma hilo aliyehitaji kufafanuliwa. Mzee mmoja alivua kofia.

Nakhungu hakupiga ukemi. Alikuja akaichukua barua, akainusa, akaishika juu chini. "Ni neno gani, hilo?"

Wangui akamwonyesha kwa kidole.

"Lina herufi ngapi?"

"Saba."

"Saba," Nakhungu akasema. "Miaka mitatu nimepikia herufi saba." Kisha akaingia nyumba mpya ya mwanawe, akafunga mlango.

Nanyama alirudishwa kwao jioni hiyo hiyo na sanduku lake kichwani. Alipofika penye miwa aligeuka, akamtazama Wangui mara moja, akaenda zake kwa hatua ndefu, karibu kukimbia. Na Jumamosi iliyokuwa ya arusi, wazee walikata mgomba, wakauvika shati la Wekoye, wakauzika nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa mwili ulikuwa mbali chini ya mawe na mtu hawezi kuachwa bila kaburi kwao. Wangui alisimama mbali na wengine. Mgomba ulipoteremshwa shimoni aliona umelowa, maji yanachuruzika, ijapokuwa jua lilikuwa kali tangu alfajiri.

*

Aliporudi Kibomet alikiri kanisani, mbele ya kina mama wote, kabla habari haijatangulia. Wengine walilia naye. Wengine hawakumpa mkono mpaka Pasaka. Mwezi wa kwanza ngumbaru ilipofunguliwa, alihama kutoka fomu ya nyuma akaketi ya mbele, karibu na Hiram, na daftari la mahudhurio lilipopita akaandika jina lake mwenyewe, W-a-n-g-u-i, la kumi na nne.

"Kumbe ulikuwa mwenzetu!" Hiram akasema. "Na vile umekuwa ukinifunga macho kwa maombi nisikuone!"

Siku ya tatu, saa tisa, manyunyu yakaanza. Mlango ukafunguliwa. Ni Nakhungu, amekonda, kitambaa cha kufunikia sahani amejifunga kichwani. Tangu Kabuchai hakuwa amemsemesha Wangui neno, na hakumsemesha sasa. Alipita kati ya fomu, akaenda kuketi nyuma kabisa, mwisho wa kushoto, pale pale.

"Karibu, mama," Linah akasema kwa upole. "Hapa tunauliza kila mtu. Wewe unasomea nini?"

"Nisisomewe tena," Nakhungu akajibu.

Hakuna aliyecheka, hata Hiram. Linah aligeukia ubao, akaandika sentensi ya siku hiyo, akainua kijiti. Hakijagusa ubao bado, sauti ikatoka nyuma, iliyokwaruzwa kidogo, taratibu, silabi moja mbele ya wengine. Wangui alifumba macho. Sauti ilikuwa ile ile. Na Nakhungu, aliyekuwa hajafundishwa hata a, alikuwa ameanza kuifuata.